Nilipie kozi ya ekskaveta? Jibu kwa mtunza stoo wa Nkuhungu

Msomaji ameandika:

"Shikamoo mwalimu, mbukwa. Nina miaka 36, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina mke na watoto wawili. Nimekaa stoo ya mkandarasi wa barabara kwa miaka saba. Mradi ulipoisha na sisi tukaisha, na tangu Februari nipo mtaani natembeza bahasha. Kinachonivuruga kichwa ni kwamba kila nikikutana na waajiri nasikia kilio kile kile, mafundi hakuna, waendesha mitambo hakuna, wakati vijiwe vya mtaani kwetu vimejaa watu wenye nguvu zao, na wengine wana digrii. Kuna chuo binafsi kinafundisha ekskaveta kwa wiki sita, ada shilingi milioni 1.5, wanasema kazi ziko za kumwaga. Akiba yangu ni milioni 2.1. Mwalimu, hizo kazi zinazokosa watu zipo kweli? Na kwa umri huu, nikijifunza upya, nijifunze nini?"

Marahaba mdogo wangu, na mbukwa kwako na nyumbani.

Jibu la haraka kwanza, maana najua tangazo likiwa ukutani na fedha ikiwa mkononi mtu hulala akihesabu: usiilipe hiyo milioni 1.5 kwa sasa. Kuendesha mitambo ni kazi ya heshima, na katika miaka zaidi ya 20 niliyofundisha ufundi na kushauri watafuta kazi huku kanda ya kati, nimewaona waendesha ekskaveta waliojenga na kusomesha watoto. Shida ni kwamba unataka kununua ujuzi leo, halafu kesho uanze kumtafuta mtu wa kuuhitaji. Nakuomba umtangulize huyo anayeuhitaji. Ukimpata, yeye ndiye atakayekuambia ujifunze nini, na huenda ukakuta nusu yake tayari unayo.

Ila swali lako la kwanza ni zito kuliko la pili, na tusilipite haraka.

Mwajiri akisema "hakuna watu", hasemi uongo. Tatizo ni kwamba hamalizi sentensi. Nimekaa na wakandarasi, wenye karakana, mameneja wa hoteli na wasimamizi wa hospitali, na nimejifunza kumngoja mtu mpaka amalize. Mmoja alinilalamikia kuwa ametafuta wachomeleaji wa mabomba miezi mitatu bila kupata. Nikamuuliza analipa kiasi gani kwa siku. Alichotaja kingemtosha fundi nauli ya kutoka Ihumwa na sahani ya ubwabwa, akabaki na hela ya vocha. Wachomeleaji wazuri wapo, na yeye anawajua kwa majina. Wako kwa mwenzake anayelipa. Sentensi yake kamili ni "hakuna watu kwa bei yangu", na kwa ugonjwa huo chuo hakina dawa. Ukimfundishia wachomeleaji wapya, watamkimbia kama walivyomkimbia wa kwanza.

Mwingine alikuwa na kampuni ndogo ya kufunga umeme. Alikuwa na vijana watatu wanaoijua kazi barabara, lakini hakuweza kuwaandika kwenye zabuni kwa kuwa hawana cheti cha aina yoyote. Huyo watu anao, karatasi ndiyo hana. Wa tatu alitaka mtu mwenye cheti pamoja na uzoefu wa miaka mitano. Nilipomuuliza kijana ataupata wapi mwaka wake wa kwanza, alijibu, "Kwa wengine." Kila mwajiri akisema kwa wengine, hao wengine ni akina nani? Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu nimewaona wanafunzi wangu, vijana wenye mikono mizuri, wakiegesha bodaboda kungoja abiria mbele ya geti la kampuni inayolia kwamba imekosa mafundi.

Halafu upo uhaba wa kweli. Lifti inakwama ghorofani, na anayeijua lifti ya aina ile inabidi asafiri kutoka Dar es Salaam. Mashine ya vipimo inazima hospitalini, na mji mzima una watu wa kuhesabu vidole wanaoweza kuifungua na kuirudisha kazini. Hapo ndipo mafunzo mapya yanapotibu. Kwenye hali zile nyingine tatu, kumpeleka mtu darasani peke yake ni kumpa dawa ya minyoo mwenye malaria.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Wasio na kazi wakiongezeka, masharti ya kazi nayo yanapanda. Nafasi moja ikipata maombi matano, mwajiri anamchukua anayekaribia kufaa na kumfundisha kilichobaki. Ikipata maombi mia tano, anaanza kuchambua kama mtu anayechagua mchele: digrii badala ya stashahada, miaka mitano badala ya miwili, leseni, kompyuta, Kiingereza, umri usizidi 30. Anamngoja mtu aliyekamilika kila upande, mtu huyo hafiki, nafasi inakaa wazi, na kwenye kikao kinachofuata anasimama kusema nchi haina wenye ujuzi.

Marekani walilipitia hili machoni pa dunia. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira kule ulifika asilimia 10. Katikati ya mwaka ule, kwa kila nafasi moja iliyokuwa wazi kulikuwa na watu zaidi ya sita wasio na kazi, na bado kilio cha uhaba wa wenye ujuzi kilisikika kila upande. Watafiti waliochambua matangazo ya kazi walikuta kwamba masharti ya elimu na uzoefu yalipanda zaidi pale ambapo wasio na kazi walikuwa wengi zaidi. Miaka 10 baadaye, mwishoni mwa 2019, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 3.5, na nafasi za kazi zilikuwa nyingi kuliko watafutaji. Mamilioni yale ya watu hayakuwa yamefundishwa upya yote katikati ya hapo. Uchumi ulipohitaji mikono, waajiri walilegeza masharti, wakaongeza malipo, wakafundisha wenyewe.

Nakueleza haya ili usibebe mzigo usio wako. Mtaani watakuambia mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo imewapiga sana watu wasio na kazi, na kila nikiisikia naipinga. Mkulima wa Ugogo anachagua jembe, tena kwa makini, maana ardhi yetu ikikauka jembe bovu linamrudia mwenyewe usoni.

Basi tuchague. Tuanze na mji wenyewe.

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, lakini mji uligeuka saiti kubwa baada ya serikali kuanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016. Ukaja Mji wa Serikali pale Mtumba, reli ya SGR, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, na nyumba za watu binafsi zisizo na idadi. Wewe uliyekaa stoo unajua kuliko mimi jinsi saiti inavyoita watu kwa zamu. Wanaanza wa greda, ekskaveta na malori. Wakishachimba na kushindilia, wanaingia wa nondo na zege. Kisha paa, plasta, umeme, alumini, vigae, rangi. Mwisho wote wanaondoka, na jengo linabaki na watu wachache ambao hakuna anayewahesabu: anayehudumia viyoyozi, wa jenereta, wa pampu, wa lifti, wa kamera na vifaa vya moto, na mtu mmoja anayetunza vipuri vya hivyo vyote.

Wa mwanzo wanatakiwa wengi kwa muda mfupi. Wa mwisho wanatakiwa wachache, lakini jengo likisimama miaka 50, watatakiwa miaka 50. Tazama Mtumba. Majengo ya wizara ya awamu ya kwanza, yaliyozinduliwa Aprili 2019, yalikuwa ya chini. Awamu ya pili ni maghorofa, na ghorofa lina lifti, lina pampu ya kupandisha maji, lina viyoyozi vingi visivyotaka vumbi katika mji wenye vumbi kama huu. Au tazama reli. Treni ya umeme ilianza kufika Dodoma Julai 2024. Walioshindilia tuta la kipande hicho walishamaliza, na kazi iliyobaki ni ya kuendesha na kutunza.

Kilio cha waendesha mitambo unachokisikia leo huenda ni cha jana, kimechelewa kufika mtaani. Nimelishuhudia hilo nikiwa ndani. Zamani kidogo nilifundisha katika chuo kimoja ambacho tulifungua darasa kubwa kwa sababu mradi fulani ulikuwa unachukua watu kila Jumatatu. Wazazi waliuza mbuzi, wengine viwanja. Vijana walipohitimu, mradi ulikuwa umeshavuka hatua ile, na vyuo vingine vilikuwa vimeona tulichokiona na kufanya tulichokifanya. Kazi iliyokosa watu ikajaa watu ndani ya mwaka mmoja. Sura za vijana wale bado ninazo kichwani. Tangu hapo sijamshauri mtu ajifunze kazi kwa sababu tu inatajwa sana.

Tena kuhusu hizo wiki sita, fanya hesabu hii ndogo. Chukulia chuo kina mtambo mmoja, unafanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa wiki sita ni saa 288. Darasa likiwa na watu 30, kila mmoja atakaa kwenye kiti cha mtambo chini ya saa 10. Foromani atakayekufanyia majaribio hatasoma cheti, atakuonyesha mtaro na kukaa pembeni. Kama moyo wako uko kwenye mitambo kweli, nenda kwa mwenye mtambo uanze kama tanboi wake, yaani msaidizi wa mtambo, ujifunze kupaka grisi, kukagua haidroliki, kushika usukani jioni kazi ikipungua, halafu ndipo ukasomee cheti. Morogoro kuna chuo cha serikali cha ujenzi kinachofundisha waendesha mitambo, na kitakufaa zaidi ukienda unajua unachokifuata.

Lakini sidhani kama moyo wako uko huko. Kwenye barua umeandika "nimekaa stoo", kama mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi akingoja basi. Miaka saba ya stoo ya mkandarasi ni ujuzi. Unaitambua filta kwa namba yake. Unajua hosi ya haidroliki ipi inaingiliana na ipi. Unajua dizeli inavyopotea na wapi pa kuikamatia. Unasoma LPO, ile hati ya kuagizia mzigo, unapokea mzigo na kukataa pungufu, unadai risiti ya EFD. Umefunga hesabu za mwisho wa mwezi zaidi ya mara 80, na kama hesabu zingekuwa hazikai sawa, usingemaliza miaka saba. Kijana aliyemaliza wiki sita za ekskaveta hana hata robo ya hayo.

Kwa hiyo usianze upya. Jifunze kilicho jirani na unachokijua.

Njia ninayoiona karibu nawe zaidi ni hii. Tangu 2023 zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Na wanunuzi wenyewe, yaani wizara na taasisi, sasa ni majirani zetu hapa hapa mjini. Lakini zunguka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na umeme, ongea na vikundi vya akina mama wanaotaka kuuza serikalini. Utakuta bidhaa ipo, mtaji upo kiasi, na mfumo wanauogopa. Wanalipa vijana wa steshenari wawajazie, kijana hajui tofauti ya bomba la HDPE na la PVC, anaandika kisichoombwa, zabuni inakataliwa. Mtu anayekijua kifaa kwa mkono wake, anayejua kusoma maelezo ya kiufundi, kisha anajua kupakia nyaraka kwa usahihi na kufuatilia malipo, ni adimu. Nafasi yake hutaiona imetangazwa popote, kwa sababu mwenye duka hajui kama mtu wa namna hiyo yupo. Kwako pengo ni kompyuta: Excel, barua pepe, kuskani na kupanga nyaraka, na kuuelewa mfumo wenyewe. Hayo ni mambo ya wiki, tena kwa gharama ndogo.

Ukipenda stoo yenyewe, basi jipandishe daraja ndani yake. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, ina mitihani ya ngazi mbalimbali. Nenda na vyeti vyako ukaulize unaanzia ngazi gani. Bila hiyo utabaki kuwa "yule wa stoo", na milango mingi ya hospitali na taasisi haitakufungukia hata ukiwa na mikono safi kuliko wote.

Njia nyingine ni maji. Dodoma ni kavu, hilo halihitaji mtaalamu. Mji umetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na watu wanaojenga pembezoni wanachimba vya kwao. Ongeza mashamba ya zabibu ya Chinangali na Hombolo yanayomwagiliwa. Kila kisima kirefu kina pampu ya kuzama, na pampu hiyo itaungua siku moja, kwa umeme mdogo, kwa mchanga, au kwa sababu maji yalishuka na mwenyewe akaiacha inazunguka kavu. Wauza pampu ni wengi. Wanaokosekana ni watu wa kuipima kabla ya kuiuza: kisima kina kina gani, kinatoa maji kiasi gani kwa saa, nyaya ziwe nene kiasi gani, paneli za jua ngapi. Mtunza stoo anayejua vipuri, akikaa miezi michache na fundi wa pampu, anakuwa mtu ambaye duka haliwezi kumwachia aondoke.

Viyoyozi ni hivyo hivyo, ingawa safari yake ni ndefu zaidi na inataka chuo. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba hata wenye kazi wanahitaji kujifunza upya. Kufuatia makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016, dunia inapunguza gesi za zamani za majokofu na viyoyozi zinazochangia kuipasha joto dunia. Zinazochukua nafasi, kama R32 na R290, zinaweza kushika moto. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba huku gesi imebaki ndani anahatarisha maisha yake na ya waliomo ofisini.

Sasa utampataje huyo anayeuhitaji ujuzi wako? Iache bahasha nyumbani. Chagua sehemu nane au kumi: maduka ya pampu na vipuri, kampuni za jenereta, wauzaji wa vifaa vya ujenzi, hoteli mbili tatu, hospitali. Nenda asubuhi, kabla wateja hawajajaa, na usiombe kazi siku hiyo. Muulize mwenyewe au msimamizi ni kazi gani imemsumbua kupata mtu miezi hii sita. Kisha muulize mtu wa mwisho aliyemwacha au kumfukuza alishindwa nini. Hapo ndipo dhahabu ilipo, maana atakusimulia kwa uchungu: alikuwa hajui kutumia kompyuta, alikuwa anauza vipuri kwa mlango wa nyuma, alikuwa haji Jumatatu. Mwisho muulize kama ungejifunza jambo fulani ndani ya miezi miwili, angekujaribu kwa mwezi mmoja? Wengine watakufukuza. Watatu wakikujibu vizuri, unalo darasa lako, na limeandikwa na watu wenye fedha ya kulipa mshahara. TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira wa serikali, nao uwaendee ukajiandikishe, lakini usiwafanye mlango wako pekee.

Ushauri huu una ushahidi mpana kuliko macho yangu. Mwaka 1990 kiwanda cha nguo cha Levi Strauss kilifungwa San Antonio, Texas, na zaidi ya watu 1,000 wakakosa kazi. Hospitali za mji ule nazo zilikuwa zinatafuta wauguzi. Vyama vya wakazi vilivyojengwa juu ya makanisa viliwaendea waajiri kwanza, vikawabana waseme wanataka watu wa kazi gani, ndipo 1992 vikaanzisha mpango wa mafunzo ulioitwa Project QUEST. Washiriki walisomea hasa kazi za afya, wakasaidiwa nauli na malezi ya watoto, wakawa wanakutana na mshauri kila wiki. Waliojiunga miaka ya baadaye walilinganishwa na wenzao waliokosa nafasi kwa bahati nasibu, na mapato yao yalikuwa juu hata baada ya miaka mingi.

Karibu na sisi, Uganda, watafiti waligawa vijana makundi. Wengine walipewa mafunzo ya ufundi stadi ya miezi sita yenye cheti, wengine wakafundishwa kazini na waajiri. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini wa chuoni nafuu yao ilidumu zaidi, kwa kuwa walipopoteza kazi moja waliweza kubeba cheti kwenda kwa mwajiri mwingine. Aliyefundishwa kazini alijulikana na bosi wake tu. Na kule Addis Ababa, vijana waliosaidiwa kwa siku chache kupimwa uwezo, kupewa cheti cha matokeo na kufundishwa namna ya kuomba kazi walikuwa bado wanapata kipato kikubwa kuliko wenzao miaka minne baadaye. Wenzao waliosaidiwa nauli ya kutafutia kazi hawakubaki na faida hiyo.

Hapo ndipo nawageukia wale wa kijiweni kwenu, uwapelekee ujumbe huu. Kama kuna anayejenga, anayechomelea, anayetengeneza magari au anayepika, na alijifunza mtaani bila chuo, aende VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, aulizie urasimishaji wa ujuzi. Wakaguzi wanamwona mtu akifanya kazi, wanamuuliza maswali, wanamwongezea siku chache kwenye mapengo yake, kisha anapata cheti. Kwa vijana watatu wa yule mwenye kampuni ya umeme, hilo ndilo lililokuwa likihitajika, na wala si miaka miwili ya kukaa darasani kujifunza wanachokijua. Mwenye muda wa kozi ndefu naye ajue kwamba ada katika vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Gharama kubwa iko kwenye chakula, vifaa, na kukaa bila kipato.

Na waajiri wanaosoma hapa, nawaombeni jambo moja. Kampuni yenye wafanyakazi 10 na zaidi inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake ndiyo inayoendesha VETA. Mmeshalipia shamba, basi msikatae mavuno. Chukueni vijana wa uanagenzi, wawili watatu kwa mwaka, muwakabidhi kwa fundi mwenye subira. Fundi wenu mzuri kuliko wote alipewa mwaka wake wa kwanza na mtu fulani.

Turudi kwenye milioni zako 2.1. Kwanza, kama mwajiri wako alikuwa anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na ulichangia miezi 18 au zaidi, nenda kaulizie fao la kukosa ajira kabla hujagusa akiba. Watu wengi hawaendi kwa kutojua tu. Pili, kaa na mke wako, tengeni laki tano kwa ajili ya kujifunza na kutembelea waajiri, na iliyobaki iwe unga, kodi na ada za watoto. Mtu anayejifunza huku watoto wamelala njaa haelewi kitu, na atakubali kazi ya kwanza yenye mshahara mbovu kwa sababu ya hofu.

Kuhusu chuo cha ekskaveta, usiamini maneno yangu wala ya tangazo. Nenda pale, uombe kuuona mtambo wenyewe ukiwa unanguruma, uulize darasa lina watu wangapi. Kisha omba majina na namba za simu za watu watano waliomaliza mwaka jana, na uwapigie mwenyewe, ukiwa nje ya geti, uwaulize leo asubuhi wameamkia kwenye mtambo gani. Chuo kikikataa kukupa namba hizo, panda daladala urudi Nkuhungu na fedha yako. Kikikupa, na watatu kati yao wakawa wako kazini, niandikie tena tuhesabu upya.